Kwa nini naenda Makumbusho ya Majimaji: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Jumapili uliniuliza kwenye simu, na kwa kuwa nilikuwa na wageni sikukujibu ipasavyo: kwa nini mstaafu mwenye magoti yanayouma apande bajaji kwenda makumbusho kufanya kazi isiyo na mshahara wala posho? Najua umeuliza kwa kunihurumia.

Kazi yenyewe si kubwa. Wapo waongozaji walioajiriwa, wenye elimu yao. Sisi wa kujitolea tunawasaidia wanafunzi wanapofurika. Nawapanga watoto mistari, nawakataza kushikashika vitu, nawapeleka kwenye kaburi la pamoja. Nawaeleza habari za vita ya Majimaji, mababu zetu walipoinuka dhidi ya utawala wa Wajerumani, na kwamba tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 hapahapa Songea, akiwamo Nkosi Mputa Gama, chifu wa Wangoni. Nduna (kiongozi wa vita) Songea Mbano, ambaye mji wetu umebeba jina lake, alinyongwa baadaye, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani.

Kinachonirudisha kule ni maswali yao. Juzi binti mmoja wa darasa la sita alinyoosha mkono, daftari limembana kwapani: "Bibi, kwani hawakujua kuwa ni maji tu?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana watoto wengi wanakua wakiamini kwamba mababu zao walidanganywa na mganga aliyewapa maji ya dawa akisema yatageuza risasi kuwa maji, basi, hadithi imeisha. Nikawakalisha kivulini. Nikawaambia habari za mganga huyo, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, na jinsi watu walivyomfuata kutoka mbali. Sababu ya kupigana walikuwa nayo tayari: kodi, kulimishwa pamba kwa nguvu, viboko vya maakida, wasimamizi waliowekwa na Wajerumani. Risasi hazikugeuka maji, hilo tunalijua. Lakini Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, na hata sisi Wangoni tuliokuwa tukiwavamia majirani zetu, tukaingia vita moja dhidi ya adui mmoja. Nani aliwahi kutuunganisha hivyo kabla ya hapo? Kinjeketile alinyongwa Agosti 1905, vita ikaendelea bila yeye mpaka 1907. Mtu aliyedanganywa tu angerudi nyumbani siku ileile. Yule binti aliandika, akafuta, akaandika tena.

Halafu kuna njaa. Mikuki na ngao mtoto anaiona kwa macho. Njaa haionekani, na ndiyo iliyoua wengi zaidi. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ili watu wasalimu amri. Wapo wanahistoria wanaokadiria waliokufa kuwa hadi 300,000. Mzee mmoja alitusimulia kuwa bibi yake alifukia mbegu za ulezi chini ya mafiga, kisha akaishi kwa mizizi ya porini bila kuzigusa, ili msimu ukifika awe na cha kupanda. Niliandika maneno yake kama alivyoyatamka. Wazee kama yeye wanazidi kupungua, mwanangu, na wengi hawajawahi kuulizwa.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja palepale makumbusho, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa cha Songea Mbano. Nilifurahi, nasema kweli, na ahadi hiyo nataka itimie nikiwa hai. Ila msamaha huo mtoto wetu ataupokeaje kama hajui tulitendewa nini? Hapo ndipo naona kuwa nauli yangu haipotei bure.

Sasa nina ombi. Babu yako mdogo wa Peramiho bado ana kumbukumbu nzuri. Ukija Februari kwenye kumbukizi, nenda kakae naye, umrekodi kwa simu yako. Muulize bibi yake alikimbilia wapi wakati wa vita, walikula nini, na nani hakurudi. Mimi kanikatalia mara mbili, anasema nina haraka. Wewe ni mjukuu, na mjukuu hanyimwi. Mpelekee tumbaku na sukari.

Mama yako