Mbao za Gitaa Zisiishie Kwenye Droo: Maswali na Majibu

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinahusu mbao zilizonunuliwa kwa ajili ya gitaa ambalo halikujengwa, na magitaa yaliyoachwa njiani. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

SWALI: Mume wangu alikuwa seremala, na jioni alikuwa akitengeneza magitaa. Amefariki, na chini ya kitanda nimekuta vipande vyembamba vya mbao vimefungwa viwiliviwili kwa kamba. Fundi wa samani anataka kuvichukua vyote kwa mkupuo. Nimpe? (Mama, Igoma)

Pole sana, mama, kwa msiba. Usimpe kwa sasa, na usifungue kamba hizo. Vipande vilivyofungwa viwiliviwili ni pacha: vimepasuliwa kutoka kwenye ubao mmoja, na vikifunguliwa kama kurasa za kitabu, mchoro wa kushoto hujirudia kulia. Ndivyo uso wa gitaa na mgongo wake unavyoungwa. Vipande vya mgongo huwa na urefu wa sentimita 50 na ushei, upana wa sentimita 20 hivi kila kimoja, na unene wa milimita 4 au karibu na hapo. Vya mbavu, yaani kuta za pembeni za gitaa, ni virefu zaidi, kama sentimita 80, na upana wake ni sentimita 10 hadi 12. Ukikuta jozi nyeupe, nyepesi, yenye mistari myembamba iliyonyooka, huenda ikawa sprusi, mti wa nchi za baridi, iliyoagizwa kutoka nje kwa ajili ya uso, nayo ilimgharimu marehemu fedha nyingi. Jozi ikitenganishwa, kinachobaki ni vibao viwili vya kawaida, na fundi wa samani atakulipa bei ya vibao hivyo.

Sasa tazama ncha na migongo ya vipande hivyo, ukitafuta maandishi ya penseli. Fundi makini huandika jina la mti, mahali ulikotoka na mwaka ulipopasuliwa. Nakili kila neno kwenye daftari, wala usifute chochote. Anayejenga gitaa anahitaji kujua mbao imekaa miaka mingapi ikikauka, na hakuna awezaye kumwambia hilo isipokuwa aliyeandika.

Nalisema hili kwa uchungu. Katika karakana moja hapa mjini nilivuta droo ya kabati jipya, nikaigeuza, nikaona sakafu yake ni ubao wa mninga wenye nyuzi zilizonyooka vizuri ajabu, na kwenye ukingo kulikuwa na maandishi ya penseli yaliyokatwa na msumeno: «mgongo, nusu ya p». Nusu ya kwanza sikuiona popote. Fundi wa kabati hakuwa na kosa, kwa kuwa aliuziwa mbao bila kuambiwa ni za nini. Waliokosa ni jamaa walioona haraka kuwa nafuu, na aliyekosa kabla yao ni mwenye mbao, aliyezirundika miaka yote asimweleze mtu yeyote wa nyumbani. Ninyi mnaoweka mbao chini ya vitanda, mwelezeni mtu leo.

Kwa sasa zipange juu ya vijiti vyenye unene mmoja, mbali na sakafu na ukuta wa nje, kisha weka uzito juu yake. Ulizia kwa wapiga gitaa wa bendi na wa kwaya, kwa maana wao huwajua mafundi wanaowatengenezea. Uza au gawa kwa jozi na kwa seti (mgongo pamoja na mbavu zake), si kwa mkupuo.

SWALI: Nimekutumia picha ya mbao yangu. Ina thamani gani? (Msomaji, Kirumba)

Hili ni swali la nne la namna hii. Picha ya upande mmoja wa mbao, isiyo na kipimo, isiyoonyesha ncha na isiyotaja mti, haina jibu, kwa hiyo piga picha ya ncha iliyosafishwa kwa randa na uweke futi kamba pembeni.

SWALI: Nimeuziwa gitaa la nyuzi za chuma ambalo halijamalizika. Kiwiliwili kimefungwa na shingo imeshagundishwa, lakini halina freti (vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) wala daraja (kibao kinachoshika nyuzi usoni). Linafaa kumaliziwa? (Msomaji, Buhongwa)

Ulipaswa kuuliza kabla ya kulipa, lakini bado unaweza kulipima. Laza rula ndefu iliyonyooka juu ya ubao wa vidole, ule uliogundishwa juu ya shingo, hadi ifike mahali daraja litakapokaa. Hapo rula inatakiwa ipite juu ya uso wa gitaa kwa kiasi cha milimita 7 au 8. Ikigusa uso au ikaribie kuugusa, shingo imelala mbele, na hakuna freti wala daraja litakaloficha kosa hilo. Shingo itabidi ing'olewe. Kisha ingiza kioo kidogo na tochi kwenye tundu la sauti, utazame kama mataruma ya ndani, yaani vijiti vinavyouimarisha uso, yameshikana na uso kwa urefu wake wote.

Kama mifereji ya freti imeshakatwa, pima kutoka mwanzo wa nyuzi, pale ubao wa vidole unapoanzia upande wa kichwa cha gitaa, hadi mfereji wa 12, kisha uzidishe kwa mbili. Jibu ndilo urefu wa uzi, na daraja litawekwa kwa kufuata kipimo hicho pamoja na nyongeza ndogo ya kusawazisha sauti. Kagua pia mfereji wa kwanza: urefu wa uzi ukigawanywa kwa 17.817 unakupa umbali wake. Gitaa la milimita 650 litakuwa na freti ya kwanza kwenye milimita 36.5 hivi. Ukikuta 38, aliyekata alikisia, na yumkini ndiyo sababu aliliacha.

Gitaa lililoachwa katikati huwa limeachwa kwa sababu. Anayekuuzia akuambie sababu hiyo kwa kinywa chake, na akutajie gundi aliyotumia.

SWALI: Ubao wa kitanda cha zamani cha mninga unafaa kwa gitaa? (Msomaji, Mabatini)

Unafaa sana, kwa kuwa mninga husinyaa kidogo kuliko miti mingi na huo wako umeshatulia, ila toa misumari yote kabla haujafika kwenye msumeno.

SWALI: Nina vipande vya mpingo nilivyopewa na rafiki wa Lindi. Sina mpango navyo tena. Kuna fundi Ujerumani anavitaka. Naweza kumpa mgeni avibebe kwenye begi? (Msomaji, Ukerewe)

Hapana. Mpingo, pamoja na karibu jamii yake yote ya Dalbergia, uliingizwa mwaka 2017 kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika, pamoja na sehemu zake zilizokamilika, zilisamehewa, na watu wengi wamelichukua hilo kana kwamba mpingo wote umeachiwa. Kipande ghafi si ala, nacho kinahitaji kibali cha kutoka nchini. Hata ndani ya nchi mazao ya misitu husafirishwa kwa hati, kwa hiyo anzia ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kabla hujahangaika na mnunuzi.

Tena naomba ufikirie jambo lingine. Mti huu hukua polepole mno, na kipande chenye moyo mweusi usio na ufa si rahisi kukipata. Unene wa milimita 6 au 7 unatosha ubao wa vidole. Kwa nini kisiwe kwenye gitaa litakalopigwa hapa hapa ziwani?

SWALI: Mbao zangu nimeziweka stoo ya bati karibu na mwalo. Nimeona unga mweupe chini yake. Niwape vijana wanaojifunza? (Msomaji, Sengerema)

Usimpe mtu mbao hizo. Unga huo ni kazi ya dumuzi, na ukigawa mbao zenye dumuzi unapeleka maangamizi kwenye karakana ya mwenzako. Zitenge leo, uchome zilizotobolewa sana, na zilizosalia uziweke peke yake miezi kadhaa ukitazama kama unga mpya unaanguka. Stoo ya bati nayo haifai: mchana ni tanuri, usiku unyevu wa ziwa unaingia, na mbao inatanuka na kusinyaa kila siku hadi ipasuke kwenye ncha. Zilizo salama zihamishie ndani ya nyumba, uzipake nta kwenye ncha.

Kuhusu vijana, nakuunga mkono, lakini usianze na mbao yako bora. Mpe kijana ubao wa msonobari akunje ubavu mmoja kwenye bomba la moto, akuletee, muutazame pamoja ulipovunjika. Akifika ubavu wa tatu bila kuvunja, mfungulie jozi ya mninga, na umpe penseli.