g imetoka 11.1? Fomula haina neno, tazama saa

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini jiwe uliloliangusha kutoka mita 2 lilichukua sekunde 0.60, likakupa g (mchapuko wa kitu kinachoanguka, ambao hutarajiwa kuwa karibu 9.8 m/s²) ya 11.1 na huoni ulipokosea. Fomula umeitumia sawasawa: g = 2h ÷ t² (h ni urefu, t ni muda), yaani 4 ÷ 0.36.

Urefu una shaka ya sm 1 katika 200, asilimia 0.5 tu. Kidole kwenye stopwochi ndicho mkorofi. Huwahi au huchelewa sekunde 0.1 hivi, na katika 0.60 hiyo ni karibu asilimia 17. Kwa kuwa t iko kwenye kipeo cha pili, kosa lake huhesabiwa mara mbili: asilimia 33. Basi jibu lako ni 11 ± 4, na 9.8 imo humo ndani. Ukirudia mara kumi na kuchukua wastani utapunguza yumbayumba, lakini kama kidole huchelewa kila mara, wastani nao utachelewa.

Dawa ni kurefusha muda unaopimwa, yaani pendulamu, uzani unaobembea kwenye uzi. Funga nati kubwa (kwa mafundi wa jua kali pale soko la Kibuye, Kisumu, hukosi) kwenye uzi usiovutika, mita 1.00 kuanzia uzi unapobanwa hadi katikati ya nati. Ukiishia kwenye fundo, na katikati ya nati iko sm 1 chini yake, g itashuka asilimia 1 na hutajua. Ivute kando, pasipozidi nyuzi 10, iachie. Ikishabembea mara mbili tatu, bonyeza saa inapopita chini kabisa, penye alama ya chaki. Pembeni nati hujikokota, jicho halijui imegeuka lini. Chini hupita chap.

Unapobonyeza, tamka "sifuri", si "moja". Hapa ndipo wengi huanguka. Bembea kamili 20 (kwenda na kurudi) zikichukua sekunde 40.2, kipindi T, yaani muda wa bembea moja, ni 2.01, na g = 4π²L ÷ T² (L ni ile mita 1.00) inatoa 9.77. Ukianzia "moja" utasimamisha saa baada ya bembea 19, kwenye 38.2, ugawe kwa 20, upate g ya 10.8. Shaka ya sekunde 0.2 katika 40.2 ni asilimia 0.5, mara mbili ni 1, ongeza asilimia 0.2 ya urefu (mm 2 katika mita 1): andika 9.8 ± 0.1.

Tepi ya nukta (ukanda wa karatasi unaovutwa na kitu kinachosogea huku mashine ikiupiga nukta) ina mtego uleule. Mashine ikigonga mara 50 kwa sekunde, nafasi 10 ni sekunde 0.2, lakini nukta 10 zina nafasi 9 tu. Hesabu nafasi. Kipande cha kwanza cha nafasi 10 kikiwa sm 4.0, kasi ya wastani ni 0.20 m/s, cha nne kikiwa sm 10.0, ni 0.50. Muda kati ya kasi hizo mbili ni 0.6, si 0.8, kwa sababu kila kasi ni ya katikati ya kipande chake. Mchapuko ni 0.5 m/s². Anayegawa kwa 0.8 hupata 0.375 na kusingizia msuguano.

Na usiivute data ili ifike 9.81. Kwenye ikweta, usawa wa bahari, g ni 9.78, na Kisumu, iliyo karibu na ikweta, iko zaidi ya mita 1,100 juu, kwa hiyo hupungua kidogo tena.