Barua za Mlimani: Masika, radi na mwavuli

Mjibu barua wetu anaishi Marangu. Alianza kazi Kilimanjaro akiwa mgumu, yaani mbeba mizigo ya wapandaji, baadaye akawa mwongozaji. Barua za mwezi huu zote zimekuja zimelowa.

Shikamoo mzee. Mimi na wenzangu wa ofisini tunataka kuja Marangu sikukuu ya Muungano, tutembee hadi Mandara na kurudi siku hiyo hiyo. Wengine wanasema masika yatatumaliza. Nimeangalia utabiri wa Moshi kwenye simu, unaonyesha manyunyu tu. Tuje? — Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Njooni, ila utabiri wa Moshi uacheni huko huko Moshi. Mji ule hata mita 1,000 haufiki. Geti la Marangu liko karibu mita 1,900, na vibanda vya Mandara viko mita 2,720. Kila mkipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi sita hivi. Kwa hiyo siku ambayo muuza machungwa wa stendi ya Moshi anajipepea kwa boksi kwenye nyuzi 28, ninyi Mandara mna 17 au chini yake, na hapo sijahesabu upepo wala nguo zilizolowa.

Halafu kuna hili ambalo wageni hawaliamini mpaka liwanyeshee. Asubuhi mnafika getini, anga jeupe, mnapiga picha. Jua likishachoma mteremko, hewa yenye unyevu inapanda, ikifika juu inapoa na kuwa wingu. Kufikia saa tano au saa sita wingu limeshakaa msituni. Na upande huu wa kusini, ukanda unaopata mvua nyingi kuliko yote ni huo huo msitu mtakaopita. Kwa hiyo Moshi inaweza kuwa kavu siku nzima, ninyi mkawa mnakamua soksi.

Mwezi wa nne itanyesha, hilo tukubaliane tangu sasa. Mvua yenyewe siiogopi sana. Naiogopa saa. Muwe getini saa mbili asubuhi, kibali kiwe kimelipwa na mwongozaji yupo. Kupanda kunachukua muda wa saa tatu hadi nne kwa mtu wa ofisini. Ikigonga saa saba mchana, geuzeni, popote mlipo, hata kama mnasikia harufu ya moshi wa jiko la Mandara. Kwenye tope kushuka hakuna haraka, ndipo magoti na vifundo vya miguu vinapoumia. Huku kwetu jua likizama, giza halichelewi. Ndani ya msitu linatangulia kabisa. Katika kila kundi yupo mmoja mwenye mapafu mazuri atakayesema "bado kidogo tu". Mwambieni mapema, mkiwa bado Dar, kwamba siku hiyo hana kura.

Mavazi: jinzi zibaki nyumbani. Jinzi ikilowa inakuwa nzito, inaganda mapajani na haikauki mpaka kesho. Fulana ya pamba ni hivyo hivyo, inakunywa jasho na kulishikilia mgongoni. Vaeni zile za michezo, za mpira au za mbio, hata za mtumba. Koti la mvua msilivae kwa tone la kwanza. Mkipanda mmejifungia humo mtalowa kwa jasho lenu wenyewe, na mtu aliyelowa kwa jasho anasikia baridi sawa na aliyenyeshewa. Fungueni zipu kifuani, punguzeni mwendo.

Mkifika Mandara, kabla ya chai na kabla ya picha, kila mtu avue fulana aliyopandia na kuvaa kavu aliyoiweka ndani kabisa ya begi. Mnaposimama ndipo baridi inapoingia, mkiwa mnatembea mwili unajipasha. Hiyo fulana kavu ifungeni vizuri. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo msije na rambo. Nunueni mfuko usioingiza maji, ule unaokunjwa mdomo na kubanwa, au viringisheni nguo kwenye kipande cha turubai. Wagumu wanavisha mizigo yao viroba vya sandarusi, lakini hivyo peke yake vinavuja kwenye mshono.

Habari mzee. Kikundi chetu hupanda milima ya Longonot na Ngong huku Kenya mara kwa mara. Juzi tukiwa nusu ya mzunguko wa ukingo wa kreta ya Longonot tulianza kusikia radi. Kiongozi akasema tusonge, tumalize mzunguko. Tulifika salama lakini roho haikutulia. Alikuwa sahihi? — Mwanachama, Thika

Kumaliza mzunguko si sababu. Ule ukingo una kilomita 7.2, uko wazi, vichaka vyake havimkingi mtu, na kilele kiko mita 2,776. Swali la kiongozi lilipaswa kuwa: njia ipi inatutoa juu upesi? Kama kweli mlikuwa katikati na umbali ni ule ule, basi ni upande usiopita kileleni, hata kama ni kurudi mlikotoka.

Hesabu zake ni rahisi. Ukiona mwanga, anza kuhesabu mpaka usikie mngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikiwa chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kuwafikia. Hapo mlipaswa kuwa mnashuka tayari. Mti uliosimama peke yake msiukimbilie. Msikumbatiane kundi zima, achianeni nafasi, ili radi ikipiga wabaki wa kumsaidia aliyepigwa. Na mkishafika chini msirudi juu mpaka zipite dakika 30 tangu mngurumo wa mwisho.

Nikuongezee ambalo hukuuliza, maana najua vikundi vya kutoka Nairobi: Longonot asubuhi, Hell's Gate alasiri. Korongo la Ol Njorowa, lililomo humo Hell's Gate, limeua watu kwa mafuriko ya ghafla mwaka 2012 na tena Septemba 2019. Maji yale yanatoka mvua iliyonyesha mbali juu, nanyi mko chini kati ya kuta za mawe. Mkiona anga limeiva upande wa juu, msiingie, hata kama juu ya vichwa vyenu kuna jua. Hela ya kiingilio itawauma siku mbili, mtasahau.

Shikamoo babu. Julai tulitembea msitu wa Magamba kule Lushoto, ukungu na manyunyu kutwa. Mwenzetu alitetemeka sana, kisha akawa kimya, anajikwaa, anasema anataka kulala. Tulimpa pombe kali kidogo apate joto. Tulifanya vema? — Mwanafunzi, Tanga

Marahaba mjukuu wangu. Pombe hapana. Inafungua mishipa ya ngozi, damu yenye joto inakimbilia nje na kupoa huko. Mtu anajisikia moto huku ndani anazidi kupoa.

Kipupwe cha Lushoto kina baridi ya kweli, na ukungu unalowesha taratibu kiasi kwamba hakuna anayeshtuka. Mimi huangalia mikono. Mwambie afunge zipu ya koti lake, au agusishe kidole gumba na kidole cha mwisho. Akishindwa, msiendelee na safari. Kujikwaa, maneno kuvutika kama ya mlevi na kutaka kulala ni hatua mbaya zaidi. Ya kuogopwa kuliko zote ni pale anapoacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi. Wengi hufurahi wakidhani amepata nafuu. Huyo abebwe taratibu, apelekwe hospitali.

Mtoeni kwenye upepo, mvueni nguo mbichi zote pamoja na soksi, mvisheni kavu, mfunikeni kichwa na shingo. Asikae juu ya udongo, mwekeeni mabegi chini. Mwenzake mwenye joto akae naye ndani ya blanketi moja. Kama anameza mwenyewe, mpeni chai ya sukari nyingi. Msimsugue mikono na miguu, na msimwache alale peke yake pembeni "apumzike".

Mzee, mume wangu ananicheka nikibeba mwavuli mlimani. Anasema ni mambo ya sokoni. — Mama wawili, Arusha

Beba mama. Njia ya msituni ni pana, upepo ni mdogo, na chini ya mwavuli unatembea koti likiwa wazi bila kutoka jasho. Huku Marangu mama zetu wanapandisha mashambani na mwavuli mkono mmoja, mkungu wa ndizi kichwani, na hakuna anayewacheka. Ukitoka kwenye miti ukaingia uwanda wazi, ukunje, upepo utaugeuza. Na ukisikia radi usiunyanyue kabisa. Mumeo mpe abebe chupa ya chai.