Kabla ya kuchora ukuta wa zahanati, kaa kwanza benchi

Mdogo wangu unayeingia kwenye kazi ya kuchora kuta za zahanati na ofisi za ustawi wa jamii, kabla hujampelekea mganga mfawidhi mchoro wowote, muombe ukae asubuhi moja na wanaosubiri. Utaona vichwa vinavyoegemea ukuta mpaka ukabaki na mstari mweusi wa jasho na mafuta ya nywele. Kuanzia hapo kwenda chini paka rangi ya mafuta tupu, inayofutika kwa sabuni na kitambaa. Picha ianzie juu yake. Kona isiyo na benchi waachie watoto: kuku na vifaranga, daladala yenye abiria wa kuhesabu, vyote usawa wa macho yao.

Kazi ngumu ni kuchagua cha kuchora. Wanaotoa pesa hupenda baba, mama na watoto wawili, wote meno nje. Kliniki ya wajawazito, sawa. Lakini ustawi wa jamii, mama aliyekaa hapo kaja kudai matunzo ya mtoto, na baba mtu yuko benchi la pili, kanuna. Wachoree soko, au ngalawa zinarudi pwani. Na penye huduma za VVU usichore utepe mwekundu mlangoni. Kila anayeingia utakuwa umemtangaza.

Kuhusu rangi, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta kwenye hadibodi, ubao mwembamba wa mbao iliyosagwa na kushindiliwa, na wengi wetu tumeurithi mkono huo. Hadibodi unaweza kuigeuza. Ukuta unaotazamana na dirisha haugeuki, na mng'ao unameza picha, aliyekaa anaona mwanga tu. Sehemu ya picha tumia rangi ya maji isiyong'aa. Plasta mpya ya saruji ipe kama siku 28, la sivyo ukali wake hugeuza mafuta ya rangi kuwa kama sabuni na yote yakabanduka. Watakuharakisha, maana mgeni rasmi ana tarehe yake. Kataa.

Rangi ya mafuta ipake wikendi, harufu yake isiwakute wenye pumu na wajawazito.

Halafu dai ubao wa matangazo uandikwe kwenye mkataba. Usipokuwepo, ratiba ya chanjo itabandikwa kwa selotepu usoni mwa twiga wako, na siku ikibanduliwa itaondoka na jicho.