Kabla ya kununua kampuni ya nje, jua unanunua nini

Msomaji ameandika kwamba kampuni yao ya chai ina akiba nzuri benki, na wakurugenzi wanataka kununua kampuni Ulaya. Anauliza waanzie wapi.

Waanzie kwenye sababu. Kampuni za nchi zinazoendelea huenda nje kununua kile ambacho kukijenga wenyewe kungechukua miaka mingi: jina linaloaminika, teknolojia, nafasi kwenye rafu za maduka makubwa. Kutaka kuonekana wakubwa si sababu.

Tata Tea ya India ilikuwa na mashamba. Lakini chai inayouzwa kwa jumla mnadani haina jina, na sehemu kubwa ya faida humwendea anayechanganya na kufungasha. Wanaouza mnadani Mombasa wanalijua hili vizuri. Tetley ya Uingereza haikuwa na mashamba, ila ilikuwa na jina. Mwaka 2000 Tata Tea iliinunua kwa pauni milioni 271, ingawa Tetley ilikuwa kubwa kuliko yenyewe.

Hapa someni taratibu. Ilisajiliwa kampuni mpya Uingereza, Tata Tea ikaiwekea mtaji wa pauni milioni 70, na kampuni hiyo ndiyo iliyokopa milioni 235 kwa dhamana ya mali na mapato ya Tetley. Mkopo ungeshindikana kulipwa, mashamba ya India yasingeguswa. Nanyi fanyeni hivyo, na marejesho myapigie hesabu kwa mapato ya mwaka mbaya.

Kundi hilohilo la Tata, kupitia kampuni yake ya chuma Tata Steel, lilinunua pia Corus, kampuni ya chuma ya Uingereza na Uholanzi. Oktoba 2006 Tata Steel ilianza na peni 455 kwa hisa. CSN, kampuni ya chuma ya Brazil, ikaingia kushindana nayo, na Januari 2007 bei ikafungwa kwa peni 608, tano tu juu ya bei ya CSN. Jumla ilikuwa kama pauni bilioni 6.2. Mwaka uliofuata mahitaji ya chuma yakaporomoka. Ndiyo maana nasisitiza: bei ya mwisho iandikwe na bodi na kusainiwa kabla ya mnada, na mnada ukiipita, mnaondoka.

Halafu pensheni za wafanyakazi, ambazo mzigo wake huja pamoja na kampuni mnayonunua, na wanunuzi wengi wa kwetu hawaziulizii kabisa. Mwaka 2017 Tata Steel ilijitenga na mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa Uingereza, uliotoka Corus, kwa kulipa pauni milioni 550 na kuuachia asilimia 33 ya hisa za tawi la huko. Ajirini mtaalamu wa hesabu za pensheni kabla ya kutaja bei yoyote. Awaambie mfuko una upungufu kiasi gani, mwajiri anachangia kiasi gani kila mwaka, na wadhamini wake, yaani wanaousimamia kwa niaba ya wafanyakazi, wana haki gani kampuni ikibadili mmiliki.