Maswali ya Wasomaji: Minyororo au Magurudumu?

SWALI: Ndugu Mhandisi, timu yetu ya wanafunzi inajenga roboti ya mashindano yenye uzito wa kilo 50 pamoja na betri. Uwanja ni zulia tupu, isipokuwa katikati, ambapo imelazwa boriti ya mbao yenye kimo cha sentimita 6. Kila roboti inayoivuka hupata alama. Wapinzani wanaruhusiwa kutusukuma. Sasa tumegawanyika. Wenzetu kadhaa wanataka minyororo kama ya kifaru, wakidai kwamba eneo kubwa linalogusa sakafu litatupa nguvu zaidi ya kusukuma. Wengine wanataka tubaki na magurudumu manne tuliyo nayo, ambayo kipenyo chake ni sentimita 10, na mawili tu ya nyuma ndiyo yanayoendeshwa na mota. Tufuate upande upi? – Nahodha wa timu.

JIBU: Ndugu Nahodha, pande zote mbili zina kasoro, lakini hoja ya eneo ndiyo inayohitaji kuchambuliwa kwanza, kwa kuwa imeshapoteza fedha na muda wa timu nyingi. Kani kubwa kabisa ambayo roboti inaweza kusukuma nayo hupatikana kwa kuzidisha uzito unaokandamiza sehemu zinazoendeshwa kwa namba ya msuguano iliyopo kati ya sehemu hizo na sakafu. Ukubwa wa eneo haumo katika hesabu hiyo, kwa sababu eneo likiongezeka, mgandamizo katika kila sentimita ya mraba hupungua kwa kiasi kilekile. Ni kweli kwamba mpira laini wenye vinundu, unapozama ndani ya nyuzi za zulia, haufuati kanuni hii kwa ukamilifu; hata hivyo tofauti inayoletwa na aina ya mpira huwa kubwa kuliko ile inayoletwa na eneo, na mpira uleule unaweza kufungwa kwenye gurudumu.

Msinielewe vibaya: wenzenu wanaosema kwamba minyororo husukuma vizuri hawakuota. Someni tena maneno niliyoyaandika hapo juu, “uzito unaokandamiza sehemu zinazoendeshwa.” Katika roboti ya minyororo, uzito wote umekaa juu ya kitu kinachoendeshwa na mota. Katika roboti yenu ya sasa, magurudumu ya mbele yanabeba sehemu ya uzito bila kusukuma chochote, kwa hiyo sehemu hiyo ya uzito inapotea bure. Roboti ya minyororo ikikutana na roboti ya namna hiyo, itaisukuma mpaka ukutani, na watazamaji wataondoka wakisifia eneo. Lakini mkiyaunganisha magurudumu yote ya upande mmoja kwa cheni ili yaendeshwe pamoja, faida hiyo mtaipata bila kununua mnyororo hata mmoja.

Badala ya kubishana, pimeni. Chukueni ubao wenye urefu wa sentimita 100, ubandikeni zulia la aina ya lile la uwanjani, zuieni magurudumu yote yasizunguke, kisha wekeni roboti juu yake na kuinua ncha moja ya ubao polepole. Mtu mmoja ashike rula. Tuseme roboti inaanza kuteleza ncha ikiwa imefika sentimita 60 kutoka sakafuni: umbali wa mlalo chini ya ubao utakuwa sentimita 80, nanyi mkigawanya 60 kwa 80 mtapata namba ya msuguano ya 0.75. Maana yake ni kwamba roboti yenu ya kilo 50, uzito wote ukiwa juu ya magurudumu yanayoendeshwa, haiwezi kusukuma kwa zaidi ya kani ya kiasi cha niutoni 370, hata mkiifunga mota ya lori. Rudieni jaribio hilo kwa kipande cha mkanda (yaani mnyororo wa mpira) ambao wenzenu wanapendekeza, mkikifunga chini ya sanduku lenye uzito. Namba zikitofautiana kidogo tu, hoja ya kusukuma imekwisha.

Jambo la pili ni kugeuka, na hapa kuna ajabu ambayo wengi hawaitarajii. Roboti ya aina hii hugeuka kwa upande mmoja kwenda mbele na mwingine kurudi nyuma, na kwa hiyo ni lazima sehemu zinazogusa sakafu ziburuzike kwa ubavu. Magurudumu manne yaliyo pembeni kabisa yapo mbali na kitovu cha mzunguko, na yote yanapinga mgeuko kwa mkono mrefu. Mnyororo uliolala sawasawa una sehemu zilizo mbali na kitovu na sehemu zilizo karibu nacho, hivyo kwa urefu uleule na msuguano uleule, upinzani wake ni nusu tu ya ule wa magurudumu manne. Kama roboti yenu ina sentimita 60 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na 50 tu kati ya kushoto na kulia, msishangae ikirukaruka kama chura kila inapogeuka juu ya zulia. Dawa iliyozoeleka ni kuongeza jozi ya tatu ya magurudumu katikati na kuishusha chini kwa takriban milimita 3. Roboti hukaa juu ya magurudumu manne tu kwa wakati mmoja, ikiyumba kidogo mbele au nyuma, na sehemu kubwa ya uzito hubebwa na jozi ya katikati iliyo karibu na kitovu. Wako wanaopendelea kufunga kwenye pembe magurudumu yenye rola ndogondogo ukingoni, ambayo huteleza kwa ubavu bila shida. Hugeuka vizuri mno, ila mpinzani akiwasukuma ubavuni, upande wenye rola unamfuata.

Sasa boriti. Hapa ndipo magurudumu yenu ya sentimita 10 yanapokwama. Nusu kipenyo chake ni sentimita 5, na boriti ina sentimita 6, maana yake boriti inaligusa gurudumu juu ya usawa wa ekseli. Gurudumu linaona ukuta. Mnyororo ulioinuliwa sehemu ya mbele hauna tatizo hilo, kwani unaikuta boriti kwa mteremko na kuipanda kama ngazi ya kuegemeza. Hii ndiyo faida halisi ya minyororo, na kama boriti ingekuwa na kimo cha sentimita 15 ningewaambia muichukue bila kusita. Kwa sentimita 6, hata hivyo, magurudumu ya upepo yenye kipenyo cha sentimita 20 yanatosha: ekseli ipo sentimita 10 juu, na tairi hubonyea kidogo na kuikumbatia kona ya mbao. Mwaka 2016, mashindano ya roboti za wanafunzi yaitwayo FIRST nchini Marekani yaliweka uwanjani mahandaki, kuta za chini na sakafu ya mabonde. Zilikuwapo roboti za mikanda, na zilikuwapo nyingi zilizovuka kwa matairi makubwa ya upepo.

Tatizo linalobaki ni tumbo. Magurudumu ya mbele yakishavuka, boriti inaingia katikati, na kama chasisi ipo chini, roboti hukaa juu ya mbao huku magurudumu yakizunguka hewani. Mkiweka jozi tatu za sentimita 20 katika urefu wa sentimita 60, pengo kati ya gurudumu na gurudumu ni sentimita 10 tu, na tumbo mnaweza kuliinua hadi sentimita 8. Magurudumu yaliyokaribiana kiasi hicho ni mnyororo usioweza kuchomoka.

Onyo moja ambalo timu husahau: mkibadilisha gurudumu la sentimita 10 kwa la sentimita 20 bila kugusa gia, mwendo unaongezeka mara mbili na kani ya kusukuma inapungua nusu. Mota zitahangaika, zitavuta umeme mwingi, na betri itaporomoka mwanzoni mwa msukumano wa kwanza. Ongezeni upunguzaji wa gia mara mbili. Kwa boriti mliyoieleza, basi, ningejenga magurudumu sita ya upepo yanayoendeshwa yote, jozi ya katikati ikiwa chini kidogo.

SWALI: Sisi tulishachagua mikanda ya mpira, na hatuna muda wa kurudi nyuma. Mkanda wa kushoto unachomoka karibu kila mara. Tumeukaza mpaka mota zinapata moto, lakini bado. Tufanyeje?

JIBU: Ulegezeni kwanza. Mkanda ukikazwa kupita kiasi unapinda ekseli, hasa ekseli iliyoshikwa upande mmoja tu, na ekseli ikipinda, gurudumu linaelekea pembeni na kuusukuma mkanda nje. Yaani kule kukaza mlikofanya kama dawa huenda sasa ndiko ugonjwa wenyewe.

Mkanda haupendi kuchomoka roboti ikienda moja kwa moja. Huchomoka roboti inapogeuka au inaposukumwa ubavuni, kwa sababu sakafu inauvuta upande wa chini wa mkanda kwa ubavu, nao unafika kwenye gurudumu ukiwa umepinda. Ukingo wake hupanda juu ya mdomo wa gurudumu, jino moja baada ya jingine, mpaka unadondoka. Mmoja wenu alale sakafuni na tochi, mwingine aigeuze roboti polepole, na mtazame gurudumu linaloupokea mkanda kutoka sakafuni. Upande unaokwenda mbele ni gurudumu la nyuma, upande unaorudi nyuma ni la mbele. Mtaona kwa macho yenu mahali unapoanza kupanda.

Baada ya hapo, pimeni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, upande wa ndani na upande wa nje wa mkanda huohuo. Tofauti ya milimita 2 inatosha kuleta balaa. Ekseli zishikwe pande zote mbili kwa beringi. Rola za chini zikaribiane ili mkanda usiwe na sehemu ndefu isiyoegemea kitu. Na ikiwa mkanda wenu ni laini upande wa ndani, bila ukuta wa mpira unaopita katikati na kuingia kwenye mfereji wa magurudumu, badilisheni mkanda. Hayo mengine yatapunguza tatizo tu.

Nasema hivyo kwa uchungu wa kukumbuka. Roboti yetu ya kwanza ya mikanda ilitumia mkanda wa kawaida wa kupitishia bidhaa, tulioukata na kuuunga wenyewe. Ulifanya kazi vizuri karakanani. Katika mchezo wa tatu mpinzani alitugonga kwenye kona tukiwa katikati ya mgeuko, na mkanda ukavuka gurudumu kama soksi inavyovuka kisigino. Muda wote uliobaki tulizunguka mahali pamoja. Kuurudisha kulituchukua karibu nusu saa, si kwa sababu kazi ilikuwa ngumu, bali kwa sababu bamba la ubavuni lilifungwa kwa bolti 14 na hatukufikiria kwamba lingehitaji kufunguliwa. Fungeni skrubu ya kukazia yenye nati mbili mahali ambapo spana inafika, na hakikisheni mkanda unaweza kutoka na kuingia bila kuvua bamba lolote.

SWALI: Kama magurudumu yanatosha, kwa nini vifaru na roboti za uokoaji hutumia minyororo?

JIBU: Kwa sababu ardhi yao si zulia. Eneo, ambalo halisaidii kwenye sakafu ngumu, husaidia sana kwenye udongo laini, ambako shida ni kuzama wala si kuteleza. Roboti ya kilo 50 ikisimama juu ya magurudumu manne, kila moja likigusa sentimita 5 za mraba, inakandamiza kwa kilo 2.5 katika kila sentimita ya mraba. Juu ya mikanda miwili yenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 5, mgandamizo unapungua mara 30. Mwaka 1904 Benjamin Holt wa California aliondoa magurudumu ya nyuma ya trekta lake la mvuke na kulifunga minyororo kwa sababu hiyohiyo: mashamba yalikuwa yakilimeza.

Sababu nyingine ni ngazi na vifusi, ambavyo kimo chake huwezi kukipima mapema. Roboti za PackBot zilizoingia katika majengo ya kinu cha nyuklia cha Fukushima mwaka 2011 zilikuwa na minyororo, pamoja na vikono vya mbele vyenye minyororo yake vinavyoweza kuinuka na kushuka ili kuishika ngazi. Kwa kazi kama hiyo, magurudumu ya kawaida hayafui dafu.

Lakini tazameni upande wa pili. Gari la Curiosity lililotua Mirihi mwaka 2012 lina magurudumu sita ya alumini yenye kipenyo cha sentimita 50, kila moja na mota yake. Mawe yenye ncha yalianza kuyatoboa mapema, na picha za mwaka 2013 zilionyesha matundu wazi. Hata hivyo gari liliendelea kusafiri kwa miaka mingi baadaye, kwani gurudumu lenye tundu bado linazunguka, na matano mengine hayategemei afya yake. Mnyororo ukichomoka kule, upande mzima umekufa, na hakuna mtu wa kulala chini na tochi.