Kwa wewe uliyepangiwa kumpokea mpiga kora chuoni

Idara ya muziki ya chuo cha Marekani ikitangaza kwamba muhula ujao kuna msanii mgeni kutoka Gambia au Mali, mpiga kora, ile ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, na wewe ndiye Mwafrika aliye karibu, kazi ya kumpokea itakuangukia. Haijalishi kwamba umetoka Tabora au Kakamega na hujawahi kukanyaga Banjul. Watasema ninyi mtaelewana. Ikubali, lakini toka siku ya kwanza jua kwamba anayekuja ni mwalimu. Wakubwa wa chuo wengi wanamwona kama burudani ya kupamba wiki ya tamaduni, na karibu kila usumbufu utakaoukuta chanzo chake ni hicho.

Jambo lenyewe si geni. Taasisi ya Taaluma za Afrika pale Legon, Ghana, aliyoifungua rasmi Kwame Nkrumah mwaka 1963, iliwapa mafundi wa muziki wa jadi nafasi ya kufundisha pamoja na wasomi. Kakraba Lobi, bingwa wa gyil, ile marimba ya kaskazini mwa Ghana, alifundisha pale miaka mingi. Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kilianzisha mpango wa wasanii wageni mwaka 1962, na Jali Nyama Suso wa Gambia alifundisha kora huko mwanzoni mwa miaka ya 1970. Abraham Adzenyah, mpiga ngoma kutoka Ghana, alifika Chuo Kikuu cha Wesleyan, Marekani, mwaka 1969 na kustaafu 2016. Yaweke majina haya mfukoni. Yatakufaa kwenye kikao, pale mtu atakaposema kwamba asiye na digrii hawezi kupewa somo linalohesabiwa alama.

Makaratasi yaanze mapema kuliko unavyodhani. Wengi hupita kwa viza ya J-1 ya mabadilishano au P-3 ya wasanii wa utamaduni wa pekee. Hii ya pili inadai barua za wataalamu kuthibitisha kwamba sanaa ya mwombaji ni ya asili kweli. Kwa hiyo profesa aliyejifunza kora ukubwani atamwandikia hati ya uhalali mtu ambaye babu wa babu yake aliishi kwa kora. Cheka pembeni, kisha ifuatilie barua hiyo kila wiki.

Kuhusu pesa, sema naye waziwazi kabla hajasaini. Malipo ya msanii asiye mkazi wa Marekani kwa kawaida hukatwa kodi ya asilimia 30, na nchi hiyo haina mkataba wa kodi na Gambia, Senegal wala Mali wa kupunguza makato hayo. Mzee akiahidiwa dola 10,000 nyumbani watapiga hesabu ya 10,000, na aibu ya pungufu itakuwa yake. Halafu uhasibu hautamlipa kitu mpaka namba zake za kodi zipatikane, na hilo huchukua muda. Dai posho ya kujikimu itolewe siku anayofika. Usikubali jibu la "mfumo hauruhusu" kutoka kwa karani wa kwanza, panda ngazi.

Ala yenyewe ina mambo. Kora ni nusu ya kibuyu kikubwa kilichowambwa ngozi ya ng'ombe, mkono mrefu wa mti, na nyuzi 21: 11 upande wa kushoto, 10 kulia. Haiingii kwenye kabati la juu la ndege, hivyo kasha gumu litafutwe kabla ya safari. Mkono wake mara nyingi ni wa mti uitwao keno, Pterocarpus erinaceus kitaalamu, ndugu wa mninga wetu, na mti huo uliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwanzoni mwa 2017. Uliza vibali kabla, si uwanjani. Ngozi nayo ina maswali yake forodhani. Mwaka 2006 mtengeneza ngoma mmoja jijini New York aliugua kimeta kilichotokana na ngozi mbichi za Afrika Magharibi, kwa hiyo ofisa akikuhoji sana usidhani anakuonea.

Ikifika chuoni, adui yake ni mtambo wa joto. Majira ya baridi hewa ya ndani hukauka, kibuyu kinaweza kupasuka, na nyuzi hazitulii. Omba mashine ya kuongeza unyevu, na usiruhusu ala ilale karibu na matundu ya hewa moto. Kama kora ni ya zamani, yenye pete za ngozi za kukazia nyuzi badala ya vifunguo vya gitaa, ujue kuiweka sawa si kazi ya dakika mbili. Gambia wana mipangilio minne ya sauti (silaba, sauta, hardino na tomora mesengo), na kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine mbele ya hadhira iliyokaa kimya ni mateso kwa kila mtu. Wanaopanga orodha ya nyimbo za tamasha waketi naye kwanza. Fundi wa sauti naye umwahi. Ataona kibati chenye vipete kilichofungwa darajani, asikie mvumo wake, aje mbio na utepe wa gundi kuuzima. Mvumo ule umewekwa makusudi. Gyil nayo ina mvumo, unaotoka kwenye utando wa buibui uliobandikwa juu ya matundu ya vibuyu. Mgogo mpiga ilimba, ala ya vibao vya chuma yenye mvumo wake, asingehitaji kuelezwa.

Darasani ndiko utakakohitajika zaidi, na ndiko pa kujizuia zaidi. Mpiga kora hufundisha kwa kupiga. Huanza na kumbengo, mzunguko unaorudiwa bila kukoma, kisha humsogezea mwanafunzi ala. Birimintingo, yale mapito ya kasi yanayokatiza juu ya mzunguko, husubiri hadi kumbengo ikae mikononi. Kwao kijana wa ukoo wa Suso, Jobarteh, Konte au Kuyateh hukaa kwa baba au mjomba miaka kadhaa akibeba ala na kusikiliza. Chuoni ana dakika 50, mara mbili kwa wiki, na nusu ya wanafunzi wanauliza mapigo ya kwanza yanaanzia wapi. Wamelelewa kwenye nota. Bila karatasi wanahisi wameibiwa ada. Usikimbilie kuwaandikia. Mwache mzee apige tena, na tena, hata kimya kikianza kukutisha. Akisema "sikiliza", wewe mkalimani sema "sikiliza", usiongeze hotuba yako ya dakika tano kuhusu muziki wa Kiafrika.

Unachoweza kufanya ni kupigania ratiba. Vipindi viwili vifupi viunganishwe kuwa kimoja kirefu cha jioni. Na kwa kuwa kora hazitatosha, mwombe aanze na konkondiro, yaani mapigo ya kugonga mgongo wa kibuyu, ambayo kwao mwanagenzi hugonga huku mkubwa akipiga nyuzi. Kila mwanafunzi anapata kazi, na mwezi ukiisha hakuna anayeuliza tena mapigo ya kwanza yako wapi. Pia muda wa hadithi usikatwe. Kwa kawaida anayeanza hupewa Kelefaba, wimbo wa kumsifu shujaa Kelefa Sane, na mwalimu akisimulia vita vyake nusu saa nzima, hiyo ndiyo sehemu ya somo ambayo mwanafunzi hataipata kwenye video yoyote.

Mitihani itazua ubishi. Chuo kinataka alama kwa vipengele; mzee anajua tu nani amekaa na kora na nani ameichezea. Kaeni naye mapema, umuulize anatazama nini kwa mwanafunzi, uandike kwa maneno yake, halafu ndiyo yageuzwe kuwa vipengele. Ukiibeba fomu ya idara na kumtaka aijaze, utapata alama ambazo hata yeye haziamini.

Siku ya tamasha, waandae watu wa ukumbi kuhusu kutunza. Wamandinka wa mjini, watu wa kabila lenye kora, wakija, na watakuja, mama mmoja atainuka, apande jukwaani na noti mkononi amtunze aliyemsifu ukoo wake. Aliyekulia kwenye taarabu haoni ajabu. Mlinzi wa ukumbi ataona uvamizi. Mweleze kabla, na uulize uhasibu pesa hizo ni za nani. Jibu sahihi ni za mpigaji.

Kurekodi kuna mtego. Maktaba itataka kuhifadhi kila kitu, na fomu yao huwa imeandikwa kwa ajili ya mihadhara. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi muziki wa Afrika Mashariki kwa wingi miaka ya 1950, kanda zikawekwa Afrika Kusini, na ni katika miaka ya 2010 ndipo baadhi zilirudishwa kwa jamii zilizoimba kule Kenya, wengi waliorekodiwa wakiwa wameshafariki. Kwa hiyo makubaliano yataje nini kinarekodiwa, nani anaweza kusikiliza, nani anaweza kuuza, na kwamba nakala kamili inaondoka na msanii kwenye begi lake. Asomewe kwa lugha anayoielewa, iwe Kimandinka au Kifaransa, na mtu asiye na maslahi chuoni.

Kwenye makazi yake hapo chuoni mambo ni mepesi. Salamu za kuulizana habari za watu wa kwenu, nyama halali, nafasi ya Ijumaa, na kama mwezi wa Ramadhani unaangukia katikati ya muhula, masomo ya jioni yahame. Kwa mtu wa pwani hakuna la kufundishwa hapo. Kazi ngumu ni kukataa kumsemea. Waandishi wa gazeti la chuo watakufuata wewe kwa sababu Kiingereza chako ni rahisi, wakuulize jali, yaani mwanamuziki wa kurithi na msimulizi wa historia kwa Wamandinka, maana yake nini, na kama mtu yeyote anaweza kuwa jali. Waelekeze kwake, ukae pembeni utafsiri.

Akiondoka, fungua faili. Weka jina la fundi aliyeziba kibuyu, saizi ya mishipi ya kuvulia iliyotumika kama nyuzi, barua pepe ya karani wa uhasibu aliyesaidia kweli, na nakala ya makubaliano ya kurekodi. Mwenzako wa mwaka ujao atapewa wiki mbili za maandalizi, na huenda akawa ametoka Bujumbura.